Chakula cha Mitetea

Sifaeli hakuwahi kuwamwagia kuku chakula bila kukionja kwanza.

Hakuna aliyemfundisha kuwafanyia kuku hivyo. Ila mama yake, enzi za uhai wake, alimlea bintiye akijua kwamba anayeandaa chakula hutangulia kukitia mdomoni, anayeandaliwa akimwona, ndipo bakuli linapokelewa bila wasiwasi. Kijiji chote cha Mwarenga kiliishi hivyo. Hata msibani, mgawa pombe alipiga funda la kwanza mbele za watu. Sasa mama alikuwa kaburini, wageni walikuwa wamekata mguu, na waliobaki wa kuandaliwa nyumbani pale walikuwa mitetea wa Ushirika, banda zima, kila mmoja na pete ya bluu mguuni. Sifaeli akawa anawaonjea hao.

Mwanzoni ilikuwa chembe tu kwenye ncha ya ulimi. Alichota kwa kata kutoka kwenye pipa, akalitazama lile rojo la mabua ya mtama yaliyosagwa na kulowekwa, lenye rangi ya udongo wa kichuguu na harufu ya uchachu, akalamba, akamwaga. Mitetea walikuja wakikanyagana. Pete zao zilipima uzito na kupeleka habari kwenye mnara wa Ushirika, na mnara haukuwahi kumlalamikia. Kuku walinenepa kwa mabua matupu.

Huo ulikuwa mwaka wa nne mvua ikipita juu ya Mwarenga kama mtu asiyewajua wenyeji. Mtama ulirefuka, ukatoa mabua, masuke yasijae. Mahindi yalikuwa yamebaki kuwa habari za kusimuliwa. Ndipo Bwana Njiku, mtaalamu wa Ushirika, alipowaletea mbegu ya chachu ya chakula cha kuku katika kichupa kisichozidi kidole gumba.

"Kuku hana kisu tumboni cha kukatia bua," aliwaeleza siku ile, akikitikisa kichupa juani. "Kisu chenyewe kinaitwa kimeng'enya. Wakulima wa zamani walikinunua kikiwa unga, wanakinyunyiza kwenye chakula kila siku, na kikipata moto kidogo tu kimekufa. Hiki chetu ni hai. Mtetea akikila mara moja, kinafanya makao ndani yake, kinamkatia bua linakuwa sukari. Akikaribia kutaga ndipo tutakizima. Msikipike, msilioshe pipa. Kila siku ongezeni mabua na maji, basi. Mahindi tuwaachie watu."

"Hayo mahindi ya kuwaachia watu yako wapi, Bwana Njiku?" Mama Shukuru aliuliza toka mbele, na uwanja mzima wa Ushirika ukacheka.

Sifaeli hakucheka. Alikuwa nyuma ya wote, akitazama vidole vyake vya miguu. Shule aliiacha darasa la tano ili amuuguze mama, na tangu hapo kila penye watu wengi alijiona kama aliyeingia darasa lisilo lake. Kuku walimfaa. Kuku hawamuulizi mtu swali akiwa hajajiandaa.

Basi njaa ilipozidi, chembe ya ulimini ikawa konzi, na konzi likawa bakuli. Alitarajia tumbo limkate. Halikumkata. Alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau, akaamka na nguvu magotini. Siku moja, kwa kuona haya kula kama kuku, alilipika lile rojo kwenye sufuria kama uji wa heshima. Siku hiyo tumbo lilikuwa jiwe mpaka jioni. Akaelewa mwenyewe kwamba moto unaua kilicho ndani ya rojo, na kilicho tumboni hakitoshi peke yake, akarudi kulila baridi, akiwa amechuchumaa ndani ya banda, mgongo kwa mlango.

Alijificha kwa sababu alikumbuka yaliyompata Nkungu, fundi baiskeli. Huyo alionekana mara moja tu akiokota punje kwenye chombo cha kuku wa jirani. Kuanzia kesho yake, akipita kisimani, watoto waliwika. Wakubwa walimwita Jogoo usoni, wakitabasamu. Mke wake akaitwa Mama Vifaranga. Wakahama.

*

Zaituni, ambaye wengi walimwita Mama Hidaya, alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Ndiye pekee aliyekuwa akizungumza na Sifaeli bila kungoja ajibiwe.

"Hodi humu."

Sifaeli alijifuta mdomo kwa kiganja, akatoka bandani na bakuli mkononi, hakupata pa kuliweka. "Karibu, Mama Hidaya."

"Nimeshakaribia. Mwenzangu unang'aa. Kisimani wanasema una bwana mjini anakuletea vifurushi."

"Bwana gani."

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikasema huyu Sifaeli anayemwamkia mtu akitazama ardhi, huyo bwana uso wake ataujuaje? Labda amemchagua kwa viatu." Zaituni aliketi kwenye kigoda, akamshusha mtoto mgongoni. "Tukae kidogo. Kwangu hata moto sijawasha, nitawasha wa nini."

Hidaya hakulia. Hilo ndilo lililomshtua Sifaeli. Mtoto wa umri ule angekuwa keshavuta kila kilicho karibu, lakini huyu alikilaza kichwa kwenye mkono wa mama yake, macho makubwa, shingo kama uzi. Zaituni alimpa titi, mtoto akalinyonya kidogo, akaliacha kama mtu aliyechoka kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe.

"Hicho ni nini?" Zaituni aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli.

Palikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo. Ilikuwa nafasi ndogo, ya pumzi moja, na Sifaeli aliiona. Aliwasikia watoto wa kisimani wakiwika.

"Togwa," alisema.

"Togwa? Umepata wapi mtama wewe?"

"Kidogo tu. Wa akiba ya marehemu."

Na kwa kuwa mgeni aliyekikuta chakula haulizwi kama anakula, alifanya alivyolelewa. Aliliinua bakuli, akapiga funda moja, Zaituni akimwona, akalikabidhi kwa mikono miwili.

Zaituni alikunywa, akakunja uso. "Kali." Akanywa tena. "Lakini ni chakula hiki." Kisha akachovya kidole, akakitia kinywani mwa Hidaya, na mtoto akakishika kile kidole kwa mikono yake yote miwili.

Sifaeli aliugeukia ukuta, akajifanya anapanga kuni.

Zaituni alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kabla mwezi haujaisha maziwa yalikuwa yamerudi kifuani, na Hidaya alikuwa akilia kwa sauti ya kusumbua mtaa. Zaituni aliyasikiliza makelele hayo kama wimbo. "Mungu akupe mume mwenye meno yote," alimwombea Sifaeli kila aliporudisha bakuli. Na Sifaeli, ambaye hakuwahi kupendwa hivyo na mtu asiye wa damu yake, alijiambia kwamba jina la chakula si kitu, kazi yake ndiyo kitu. Siku nyingine aliamini. Siku nyingine alishindwa kumtazama mtoto.

*

Mtetea mmoja alipotea. Alipenya kwenye tundu la ukuta, na Sifaeli alipompata siku ya tatu chini ya ghala bovu la jirani mwingine, alikuwa amekufa. Hapakuwa na jeraha wala alama ya kicheche.

Alimpasua kwa wembe ili aone kama nyama inafaa. Firigisi ilikuwa tupu, na utumbo haukuwa utumbo. Ulikuwa umelainika kama karatasi iliyolowa, umetoboka huku na huku, na ulimchanika vidoleni bila kuvutwa.

Bwana Njiku alipopita na pikipiki yake ya umeme kukagua pete, Sifaeli alimsogelea kwenye uzio. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi.

"Shikamoo. Kuna mmoja amekufa. Utumbo umeoza, na hakuwa mgonjwa."

"Marahaba. Alikosa mabua?"

"Alipotea siku mbili."

"Basi ndiyo hiyo." Njiku hakuonyesha mshangao. "Kile kimeng'enya ni kisu kisicholala. Kikikosa bua la kukata, kinakata kilicho karibu, na kilicho karibu ni utando wa tumbo lake mwenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza kila siku, msiruke. Lakini msiwe na hofu, keshokutwa ni mwisho. Wameshakaribia kutaga, wanahamia chakula chenye chokaa. Tutawapa kizimo kwenye maji, kinaiua mbegu yote. Mapipa na mabua yote ya Ushirika yanapakiwa kwenda kijiji kinachoanza."

"Mapipa yote?"

"Yote. Hayatakuwa na kazi hapa tena."

Sifaeli alishika waya wa uzio. "Na kama mtu..."

Njiku alingoja. Alikuwa mtu mpole, hakuwa na haraka siku ile.

"Kama mtu nini?"

"Kama mtu akichelewa kuwapa hicho kizimo."

"Msichelewe. Na mkiweke mbali na maji ya kunywa. Ni cha kuku, mtu akikinywa figo zimekwisha." Akamtazama vizuri zaidi. "Una swali lingine, dada?"

"Hapana. Ahsante."

Pikipiki ilipotoweka, aliingia bandani, akajaza ndoo ya rojo mpaka juu, akaifunika na kuichimbia nyuma ya choo. Alifanya haraka, bila kufikiri, na kazi ilipokwisha ndipo akafikiri. Ndoo ile ingemtosha mtu mmoja, tena kwa muda. Alikuwa amemhesabia mtu mmoja tu. Alisimama pale na udongo kwenye kucha, akajiona kama kuku anayekula huku akiwakanyaga wenzake, na aibu ikampanda toka miguuni kama maji ya moto.

Kesho yake alimwendea Zaituni. Alikwenda mchana kweupe ili asipate kisingizio cha kurudi. Njiani alisema kwa sauti ndogo: si togwa, Mama Hidaya, ni chakula cha kuku, kina kitu ndani yake. Aliyarudia mpaka mlangoni.

"Leo umekuja wewe kwangu," Zaituni alisema. "Nilijua itatokea siku moja nchi ikipinduka. Keti hapo, usitazame chini, mbu hawako huko."

Kulikuwa na moto jikoni. Zaituni alikuwa amekaanga mtama kwenye kigae, konzi moja, uliobaki kwenye kibuyu cha mbegu za kupanda ambao hakuna mwenye akili aliyekuwa akiugusa.

"Mama Hidaya, huo ni wa kupanda."

"Nitapanda mvua ikija. Haijaja. Mtu aliyemrudisha mwanangu atatoka kwangu mikono mitupu?" Alichukua punje chache, akazitafuna mbele ya Sifaeli, akiyakodoa macho kwa mzaha kuonyesha kwamba hafi, kisha akamsogezea kigae. "Haya. Nimeonja. Sina sumu."

Sifaeli alitafuna. Punje zilikuwa tamu. Hidaya alimtambalia, akamshika goti, akajiinua kusimama. Yale maneno aliyokuja nayo hayakutoka. Yalipofika kwenye meno yaligeuka kuwa "ahsante".

*

Uwanja wa Ushirika ulijaa kabla jua halijapanda. Lori lilikuwa limeshapakia nusu ya mapipa, na vijana walikuwa wakiyaviringisha yaliyobaki kwenye ubao. Bwana Njiku aligawa vichupa vya kizimo, kila kaya na chake, akirudia maelekezo. Mama Shukuru alikuwa amekaa mbele, mahali pake pa siku zote.

"Kama hakuna swali tufunge," Njiku alisema. "Barabara ni mbaya, lori liondoke mapema."

Sifaeli aliinua mkono.

Watu waligeuka. Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Jamani, Sifaeli," alisema Mama Shukuru. "Atatutangazia yule bwana wa mjini."

Wakacheka, si kwa ubaya. Zaituni, aliyekuwa amesimama kando na Hidaya mgongoni, alicheka pia na kumpungia mkono, kama kumwambia usiogope.

Sifaeli alifungua mdomo. Akaziona nyuso zote, akasahau neno la kwanza. Alijaribu tena. Hakuna kitu. Njiku akatazama saa, kijana mmoja akainama kuliviringisha pipa lililofuata, na lilikuwa pipa lake, alilijua kwa kovu la ubavuni.

Akatembea. Aliwapita waliokaa mbele, akaufikia ubao, akauondoa mfuniko wa pipa. Kata hakuwa nayo. Alichovya mkono, akachota rojo la mabua, akalitia mdomoni mbele ya Mwarenga nzima, akatafuna, akameza. Kisha akachota tena.

Halafu nyuma huko mtu mmoja akawika, vizuri sana, kama jogoo wa alfajiri, na uwanja ukaangua kicheko.

Zaituni alikuwa bado anacheka na wengine. Halafu upepo ukaileta ile harufu kali ya uchachu, na Sifaeli akaona kicheko kikimwisha usoni, kidogo kidogo, kuanzia machoni. Akaona mkono wake ukienda nyuma kuushika mguu wa mtoto.

"Si togwa," Sifaeli alisema. Sasa sauti ilikuwepo, ndogo, iliyopasuka. "Haikuwa togwa. Ninakula hiki tangu masika yaliyokosekana. Na nimewalisha wengine bila kuwaambia. Yule kuku niliyempasua... Bwana Njiku, mkiyachukua mabua tutakuwa kama yule kuku."

Kicheko kilikatika. Njiku alishuka kwenye lori, uso umembadilika.

"Wengine kina nani?"

Sifaeli hakunyoosha kidole. Hakuwa na haja, kwa maana watu waliokwisha kumwona Zaituni akirudisha bakuli la jirani walikuwa wameanza kumpisha, wakirudi nyuma kama anayeweza kuwaambukiza.

"Na mtoto?" Njiku aliuliza polepole.

Zaituni alikuwa akimtazama Sifaeli. "Uliionja," alisema. "Nilikuona. Ulionja kwanza."

"Nilionja."

"Basi ulikuwa unanionyesha nini?"

Zaituni aliikaza kanga ya mgongoni, akaondoka uwanjani bila kukimbia.

Njiku aliwaamuru vijana walishushe pipa lenye kovu, na mengine mawili, na mabua ya kutosha kujaza ghala. Kisha alimchukua Sifaeli pembeni. Dawa ya kuizima mbegu kwa mtu haikuwepo, alimwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri itahitajika. Ataiomba maabara. Inaweza kuchukua mwaka. Mpaka hapo ni mabua kila siku, yeye na mama na mtoto, bila kuruka hata siku moja, na chachu lazima itunzwe na mtu anayejua kuitunza.

"Ungeniuliza pale uzioni," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. "Nilikungoja."

"Niliona haya."

"Ndiyo," alisema Njiku. Akatazama mapipa yaliyokuwa bado juu ya lori, yanayokwenda kwenye kijiji kingine chenye njaa, kwa watu wengine waliolelewa kuonja kwanza. Akavua kofia. "Itabidi nikawaambie na wale."

*

Asubuhi hapakupigwa hodi. Sifaeli alisikia tu nyayo, zikasimama nje ya kizingiti.

Zaituni alikuwa na bakuli lake mwenyewe, alilotoka nalo nyumbani. Hidaya alikuwa mgongoni akilia kwa njaa, kwa ile sauti iliyowahi kuwa wimbo. Nyuma ya uzio watoto watatu walikuwa wameshakaa kwenye ukuta, na mmoja akawika. Mwenzake akamjibu kwa kutetea kama kuku anayetaka kutaga.

"Hao wanatuita sisi," Zaituni alisema bila kugeuka. "Mimi na wewe na huyu asiyejua hata kusema."

"Ingia ndani, wasikuone."

"Siingii."

Sifaeli alilichukua bakuli, akaenda kwenye pipa. Alilijaza bakuli la mgeni, akalileta mlangoni, akalinyoosha kwa mikono miwili akitazama chini, kwenye vidole vyake vya miguu vilivyojaa vumbi la mabua.

Bakuli halikupokelewa.

"Onja," Zaituni alisema.

Akaonja haraka, kichwa kimeinama.

"Sijaona."

"Mama Hidaya, unajua sasa ni nini."

"Najua ni nini. Chakula nakijua." Alimkweza mtoto mgongoni. "Sasa nataka kumjua anayenipa. Onja nikuone."

Watoto wa ukutani waliwika tena, wote watatu kwa pamoja. Sifaeli aliliinua bakuli mpaka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akauinua na uso, akamtazama Zaituni machoni, akapiga funda. Hakuficha mdomo wala hakugeukia ukuta. Akameza taratibu, uso ukiwa juu, kwa sababu mgeni alipaswa kuona.